Kabla hujapima barafu ya Kibo, angalia jiwe linafanya nini

Wanaonijua wanajua kazi yangu ni upimaji wa viwanja, mchana kutwa ni bikoni, kamba, na majirani wawili wa Kiborloni wanaogombania futi mbili za uchochoro. Jioni nikirudi nafungua kompyuta naangalia picha za setilaiti za Kilimanjaro, mlima ambao ungekuwa hauna wingu ningeuona dirishani bure kabisa. Mke wangu kashazoea. Ila watu wengine wananiuliza sana, hivi hizo setilaiti zinapimaje mwendo wa barafu, na hii ya kwetu inaenda kasi gani, kwahiyo leo naandika yote niache kurudiarudia.

Jibu fupi: ya kwetu, ile ya Kibo kwenye kilele kikubwa cha Kilimanjaro, haiendi popote, angalau sio kwa mwendo ambao setilaiti za bure zinaweza kuuona. Jibu refu ndo lenye utamu, maana ili niweze kukwambia kwa uhakika kwamba kitu hakitembei imebidi nijue kwanza vinavyotembea vinapimwaje.

Barafu ya mlimani ikishakuwa nene vya kutosha uzito wake wenyewe unaisukuma iteremke. Inateremka kwa njia mbili. Moja, yenyewe ndani kwa ndani inalegea na kuvutika, tabaka za juu zinazipita za chini polepole sana huku kwa macho unaona ni kitu kigumu kimetulia. Mbili, kama pale chini inapokutana na mwamba kuna maji, basi inateleza yote kwa pamoja. Zile zenye njia zote mbili zinaenda kasi kweli. Kule Greenland kuna mto wa barafu unaitwa Sermeq Kujalleq, wengine wanauita Jakobshavn, kiangazi cha 2012 ulipimwa ukienda karibu mita 46 kwa siku. Kwa SIKU. Huo lakini unamwagikia baharini na ni mkubwa kupita kiasi, tusijilinganishe nao. Ukirudi milimani, Baltoro kule Karakoram, Pakistan, wenye urefu wa zaidi ya kilomita 60, sehemu zake za kasi zinapita mita 100 kwa mwaka.

Zamani walipimaje? Hapa mimi kama mpima viwanja ndo nafurahi. Mswisi mmoja Franz Josef Hugi mwaka 1827 alijenga kibanda juu ya barafu ya Unteraar, na miaka kumi na kitu baadaye mwenzake Louis Agassiz akakikuta kibanda kimeshuka bonde zaidi ya kilomita moja, hakuna aliyekibeba. Agassiz naye akaanza kuchimbia vijiti kwenye barafu na kuvipima kutoka kwenye mwamba wa pembeni. Yaani ni bikoni zile zile, tofauti ni kwamba yeye alikuwa anataka zihame, mimi mteja wangu bikoni ikihama tunakutana baraza la ardhi.

Vijiti ni vizuri ila vinataka mtu apande, achimbie, ashuke, apande tena. Utafanya hivyo kwa barafu ngapi? Orodha ya dunia nzima ina barafu za milimani zaidi ya laki mbili. Ndo setilaiti zikaingia. Landsat ya kwanza, setilaiti ya Wamarekani, ilirushwa 1972, pikseli yake moja, ile nukta ndogo kabisa ya picha, ilikuwa karibu mita 80 ardhini, yaani kiwanja cha mpira kizima unakiona kama nukta. Hata hivyo mwaka 1991 Wamarekani Robert Bindschadler na Ted Scambos walichapisha kazi yao, walichukua picha za Landsat za sehemu moja ya Antaktika zilizopigwa miaka tofauti wakapata mwendo wa barafu bila kuchimbia kijiti hata kimoja. Mpaka leo hesabu ni ile ile, kilichobadilika ni picha kuwa nzuri na kompyuta kuwa na nguvu.

Hesabu yenyewe iko hivi. Umeshamuona fundi cherehani anapounga vipande viwili vya kitenge, hapimi kwa rula, anasogeza kipande kimoja juu ya kingine kushoto kulia mpaka maua yakutane, yakikutana anabana pini. Programu inafanya hivyo hivyo. Inachukua kijipande cha picha ya kwanza, tuseme pikseli 32 kwa 32, inaenda kwenye picha ya pili inakisogeza kila upande, kila ikisogeza inatoa alama kati ya moja hasi na moja chanya kuonyesha vipande vimefanana kiasi gani. Pale alama inapokuwa kubwa kuliko kwingine kote, hapo ndo inasema kijipande kimehamia. Umbali wa kuhama ugawe kwa muda uliopita kati ya picha mbili, umepata kasi. Inarudia hivyo kwa vijipande maelfu na mwisho unapata ramani ya mishale.

Na sio lazima ihame pikseli nzima. Ukichora zile alama za kufanana zinatengeneza kilima kidogo, na kilele cha kilima kinaweza kuangukia katikati ya pikseli mbili, kwahiyo kwa picha nzuri unaweza kufika mpaka sehemu moja ya kumi ya pikseli. Setilaiti za Sentinel-2 za Wazungu wa Ulaya, ya kwanza ilirushwa 2015 na ya pili 2017, zina pikseli ya mita 10 na zikiwa mbili zinarudi sehemu ile ile kila baada ya siku 5. Moja ya kumi ya mita 10 ni mita 1. Shika hiyo namba, tutaihitaji.

Ila programu haijui barafu ni nini. Yenyewe inatafuta maua ya kitenge tu. Barafu yenye nyufa kubwa, yenye mistari ya mawe na vumbi mgongoni, hiyo ina maua ya kutosha na yanasafiri nayo. Barafu nyeupe pee iliyofunikwa na theluji mpya haina ua hata moja, programu itakupa mshale lakini mshale huo umetoka hewani. Na kivuli je? Kivuli ni ua zuri sana, kina ukingo mkali, programu inakipenda kuliko kitu chochote, na kivuli kinatembea bila barafu kutembea.

Hili la vivuli kwetu ni zito kuliko kwa wenzetu. Sisi tuko nyuzi 3 kusini mwa ikweta. Mwezi wa sita jua linapita upande wa kaskazini yetu, mwezi wa kumi na mbili linapita kusini. Setilaiti hizi zinapita juu yetu kati ya saa nne na nusu na saa tano asubuhi, jua bado liko mashariki, kwahiyo picha ya Juni kivuli cha kuta za Kibo kinalala kusini magharibi na picha ya Desemba kinalala kaskazini magharibi. Kimepinduka kabisa! Mtu wa Uswisi jua lake mchana liko kusini mwaka mzima, kivuli chake kinarefuka na kufupika basi. Ndo maana kwa Kibo sichanganyi miezi kabisa, Februari nailinganisha na Februari nyingine, na ikiwezekana njia ile ile ya setilaiti, maana ukichanganya njia mbili pembe ya kuangalia inabadilika na kwenye mlima wenye kuta ramani ya miinuko ikikosea kidogo tu jiwe linaonekana limehama.

Na kwanini Februari? Kila mtu wa Moshi anajua. Januari na Februari mlima unatoka, masika ikianza Machi umeshapotea, Juni na Julai ni lile wingu zito la baridi tunashinda na masweta mpaka mgeni anauliza mlima uko upande gani. Alafu hata siku nzuri, mlima unaonekana asubuhi mapema, saa tano wingu limeshapanda kutoka msituni, na saa tano ndo setilaiti inapita. Kilele mara nyingi kinabaki juu ya wingu hilo, namshukuru Mungu, lakini miteremko ya kusini zilipo barafu za Rebmann, Decken, Kersten na Heim inafunikwa. (Majina yote ya Kijerumani hayo, na barafu ya Furtwängler pale juu kwenye kreta ni jina la jamaa aliyepanda 1912 akashuka kwa ski. Wachaga waliokuwa wanauangalia mlima huo kila siku hawakuulizwa, na Yohani Lauwo anayetajwa kumuongoza Mjerumani Hans Meyer 1889 hajapewa hata kijiwe cha barafu.)

Sasa tuje kwenye jiwe.

Picha mbili za setilaiti hazikai pamoja vizuri hata siku moja. Setilaiti iko juu zaidi ya kilomita 700, inaenda kasi, ikijitikisa kidogo tu picha nzima inahama nusu pikseli, wakati mwingine zaidi. Wanazirekebisha kabla hatujazishusha lakini mabaki yanabaki. Kwahiyo ukiweka programu ikimbie kwenye picha mbili za Kibo, kitu cha kwanza utakachokiona ni kwamba kila kitu kinatembea. Barafu inatembea. Kreta inatembea. Mawenzi inatembea! Ile tambarare kavu ya Saddle kati ya Kibo na Mawenzi, mchanga na mawe matupu, hakuna mti wala nyasi za maana, nayo yote imejaa mishale inaelekea upande mmoja kama jeshi.

Hapo ndo kazi inapoanza. Saddle haijaenda popote, tunajua. Kwahiyo mishale ya Saddle sio mwendo, ni kosa la picha lililojianika lenyewe ulipime. Unachukua mishale yote ya kwenye mwamba na mchanga usio na barafu, unatafuta ya katikati, unaitoa kwenye ramani nzima. Baada ya hapo Saddle inatakiwa isimame. Haisimami kabisa, inabaki inatetemeka, mishale mifupi huku na huku bila mpango, na urefu wa huo mtetemeko ndo kipimo cha uaminifu wako. Kwangu mtetemeko ulibaki mita moja mpaka mbili, ambayo ndo ile moja ya kumi ya pikseli na chenji yake. Maana yake kitu chochote pale Kibo kinachotembea chini ya hapo kati ya picha zangu mbili siwezi kukiona, na nikisema nimekiona naongopa.

Kisha nikaangalia barafu ya kaskazini, lile bonge kubwa lililobaki. Mishale yake ilikuwa sawa na ya Saddle. Mifupi, huku na huku, haina upande inaoelekea. Nilikata vipande pembeni nikapanga namba za barafu na namba za jiwe kwenye safu mbili, ningekuficha vichwa vya safu usingejua ipi ni ipi. Mtu wa kawaida atasema umepoteza bando lako bure. Mimi nilifurahi mpaka nikaenda kumuonyesha mke wangu, akasema hongera, barafu haitembei, chakula kinapoa.

Mjomba wangu wa Machame alianza upagazi miaka ya themanini akaja kuwa guide, sasa kastaafu, magoti. Nilimpelekea hiyo ramani.

"Shikamoo mjomba. Eti ile barafu ya kule juu kwenye kreta ilikuwa inasogea?"

"Marahaba. Isogee iende wapi, mjomba? Pale si pamekaa kama sahani? Ile inaliwa pembeni. Tulikuwa tunapita ukuta huu hapa unaugusa kwa mkono, safari zangu za mwisho unapita hapo hapo ni jiwe tupu, ukuta uko kule."

"Lakini ukuta si ulikuwa umesogea?"

"Ukuta umerudi nyuma. Barafu haijaenda mahali, imekwisha."

Nimesoma karatasi nyingi za wataalamu kuhusu hili na sijaona iliyosema vizuri kuliko hapo. Ukingo ukirudi nyuma watu wanasema barafu inakimbia mlima, wanachora mshale, na mshale unakufanya udhani kuna kitu kimebebwa kutoka hapa kwenda pale. Mwendo wa barafu na mwendo wa ukingo ni vitu viwili. Kuna barafu nyingi duniani ambazo muda huu huu zinateremka mita makumi kwa mwaka wakati ukingo wake wa chini unarudi juu, kwa sababu zinayeyuka haraka kuliko zinavyoteremka. Kwetu upande wa kuteremka umeshakuwa karibu na sifuri, umebaki upande wa kuliwa.

Kwanini haiteremki? Unene na mteremko. Kwa barafu iliyoganda mpaka chini kwenye mwamba, isiyoteleza, kasi ya juu inaenda na unene ukiuzidisha wenyewe kwa wenyewe mara nne. Chukua barafu mbili zenye mteremko sawa, moja nene nusu ya nyingine, hiyo nyembamba haiendi nusu ya kasi, inaenda moja ya kumi na sita. Na mteremko nao unabana, una nguvu ya mara tatu. Mtaalamu wa barafu Mmarekani Lonnie Thompson na wenzake walipotoboa barafu ya kaskazini mwaka 2000 walifika chini kwenye kama mita 50 hivi, na Furtwängler haikufika hata mita 10. Mita 50 juu ya sahani, barafu iliyoganda mpaka chini, na tangu hapo imepungua. Weka hizo namba kwenye hesabu utapata mwendo mdogo mno, wala usitegemee setilaiti ya mita 10 ikuonee.

Jirani zetu Kenya ndo wana ushahidi mzuri wa jinsi barafu inavyofika hapo. Barafu ya Lewis kwenye Mlima Kenya ilipimwa miaka mingi na Stefan Hastenrath na wenzake, kwa vijiti, mtindo wa Agassiz, na waliona mwendo unapungua kadri barafu inavyokonda. Alafu Asia, mwaka 2019 Amaury Dehecq na wenzake walitoa kazi ya picha za Landsat kuanzia 2000 mpaka 2017 wakaonyesha sehemu nyingi za Himalaya na milima ya jirani barafu imepunguza mwendo, na sababu kubwa ni hiyo hiyo, kukonda. Karakoram ndo haikufuata, kule unene haukupungua sana na mwendo haukupungua. Nikiangalia kazi hiyo naona foleni ndefu na Kibo iko mwisho wake. Barafu ya mlimani inayoishi inapokea theluji juu, inaibeba, inaitoa chini. Ikiacha kubeba ujue juu hakuna kinachoingia cha maana. Ndo maana nasema ile ramani yangu isiyo na kitu ni habari kubwa kuliko ingekuwa na mishale.

Basi kwa Kibo tunapima eneo. Ramani ya 1912 inatoa karibu kilomita za mraba 12 za barafu, na picha za 2011 zikatoa 1.76. Asilimia 85 imeondoka katika miaka 99. Kupima eneo kunaonekana rahisi, unachora mpaka basi, na kuna njia ya bendi mbili, yaani rangi mbili za mwanga, ambayo kila mtu anatumia: theluji na barafu zinang'aa sana kwenye mwanga wa kijani lakini kwenye mwanga wa infraredi ya mawimbi mafupi, ambao jicho halioni, zinakuwa nyeusi, wingu lenyewe linang'aa kote kote. Toa moja kwenye nyingine, gawa kwa jumla yake, juu ya 0.4 unaita theluji. Safi sana. Ila haitofautishi barafu ya miaka elfu na theluji iliyoanguka juzi, ukitumia picha baada ya mvua za vuli utatangaza Kilimanjaro imepona. Kila mwaka kuna mtu anafanya hivyo, anapiga picha mlima mweupe asubuhi anaandika barafu imerudi, likes elfu, wiki ya pili jua limelamba kila kitu.

Shida nyingine ni ukingo, na hii naijua kazini. Chukua kipande cha barafu cha mita 100 kwa 100. Kwa Sentinel ni pikseli 100, kati ya hizo 36 ziko ukingoni, nusu jiwe nusu barafu, unaamua wewe. Kwa Landsat ya mita 30 kipande hicho ni pikseli kumi na kitu, karibu zote ni ukingo. Kadri barafu inavyogawanyika vipande vidogo ndo ukingo unavyozidi kuwa mwingi na kipimo kinavyozidi kulegea, yaani tunapoihitaji namba zaidi ndo namba inapokuwa mbovu. Na zile kuta alizokuwa anazigusa mjomba, zinarudi nyuma kwa mwaka chini ya pikseli moja ya mita 10. Kwa hiyo mwaka mmoja kwa mwaka mmoja huoni kitu, inabidi uache miaka mitano ipite ndo uchore tena. Walioenda kupima kwa mkono wameona kitu kizuri, kuta zinazoangalia kaskazini zinaliwa jua likiwa kaskazini na za kusini zinaliwa jua likiwa kusini, zinapeana zamu.

Kuhusu nini hasa kinaila, sitaingia sana, wataalamu wenyewe wamebishana. Hewa ya kule juu iko chini ya sifuri muda mwingi, sehemu kubwa ya barafu inapotea kwa jua kuigeuza mvuke moja kwa moja bila kupitia maji. Kundi moja linasema ukame ulioanza mwishoni mwa karne ya 19 ndo uliianzisha safari, theluji haiji ya kutosha, na theluji mpya ikikosekana barafu inakuwa chafu inanyonya jua zaidi. Wengine wanasema joto la dunia haliwezi kutolewa kwenye kesi, na hiyo mvua yenyewe inaendeshwa na Bahari ya Hindi ambayo nayo inapata joto. Mtafiti Douglas Hardy wa Chuo Kikuu cha Massachusetts na wenzake waliweka kituo cha hali ya hewa pale juu mwaka 2000, vitu vingi tunavyojua vimetoka hapo. UNESCO mwaka 2022 ilisema ifikapo 2050 itakuwa imekwisha. Na tafadhali, maji ya bombani Moshi hayatoki kwenye ile barafu, yanatoka kwenye mvua inayoshikwa na msitu. Anayekata mti Kibosho anakuletea shida ya maji mapema kuliko Furtwängler.

Mtu ataniuliza, rada je? Sentinel-1 ni rada, inaona usiku na inapita wingu, wingu letu halina habari nayo. Na kuna mbinu ya rada ya kulinganisha mawimbi, wimbi lake lina sentimita 5 na kitu, ikikaa vizuri unaona mwendo wa milimita. Ikikaa vizuri. Inataka uso wa barafu usibadilike kati ya picha mbili, theluji ikianguka au ikiliwa na upepo mawimbi hayaelewani tena, na setilaiti moja inachukua siku 12 kurudi kwenye njia ile ile. Alafu rada inaangalia kwa ubavu, miteremko mikali ya kusini inajikunja picha mlima unakuwa kama umelala. Kwenye ule utambarare wa juu naona kuna nafasi kidogo, nitajaribu kiangazi hiki kama fundi wa kompyuta atanirudishia ile nyingine yenye nafasi.

Ukitaka kujaribu mwenyewe usianze na Kibo, utakata tamaa. Nenda Baltoro. Picha za Landsat ni bure tangu 2008, za Sentinel ni bure, QGIS, programu ya ramani, ni bure, kinachokula ni bando tu, faili moja la Sentinel linaweza kufika giga moja, mimi nashusha usiku wa manane. Picha za Landsat 7 baada ya Mei 2003 zina mistari myeusi, kifaa kiliharibika huko juu, usidhani ni kompyuta yako. Kama hutaki kushusha kabisa NASA wana kitu kinaitwa ITS_LIVE, kasi zimeshapimwa, unabonyeza sehemu ya barafu inakuchorea mwendo wake miaka na miaka, wengine hata kiangazi na baridi unaona inavyopanda na kushuka. Na mtu akikutumia ramani ya mishale ya barafu yoyote ile, iwe ya profesa iwe ya kwenye magroup, muulize mwamba wa pembeni ulikuwa unaenda kasi gani. Asipokuwa na jibu usiisambaze.

Kitu kimoja naomba, hasa wapagazi na maguide na watoto wao. Sentinel-2 ilianza 2015 tu, kabla ya hapo picha nyingi za bure ni zile za mita 15 na 30 ambazo ukuta wa barafu hauonekani vizuri. Nyumbani kwenu kuna picha za karatasi, wageni walikuwa wanawatumia kwa posta, baba kasimama Stella Point au Crater Camp nyuma kuna ukuta mweupe. Kama nyuma ya picha kuna mwezi na mwaka, na ukaweza kunielekeza alisimama wapi, hiyo kwangu ni bikoni. Msiitoe kwenye fremu, ipigeni picha kwa simu pale pale ilipo bila flashi, na upande wa nyuma wenye maandishi pia.